Nani Huiua Bodi ya Kompyuta Baada ya Kusasishwa?

Mezani kwa fundi kompyuta malalamiko huja mafupi: "Niliisasisha, ikafa." Ndani ya maneno hayo machache kuna madai matatu. La kwanza, kwamba kuna kitu kilisasishwa. La pili, kwamba mashine imekufa. La tatu, kwamba la kwanza ndilo lililoleta la pili. Mteja huyatoa yote kwa pumzi moja, na fundi mwenye foleni huyameza yote kwa pamoja. Kumbe kila dai linahitaji ushahidi wake, na mara nyingi angalau moja kati ya hayo matatu si kweli.

Hoja ya makala haya ni kwamba sasisho la fimwea, yaani ile programu ya kwanza iliyopachikwa kwenye chipu ya bodi, hulaumiwa kuliko linavyostahili. Likikatika katikati, kinachoharibika ni maandishi yaliyomo ndani ya chipu, na maandishi hurudishika. Kisichorudishika ni nakala asili iliyofutwa na mkono wenye haraka siku moja baadaye.

Nkuhungu, kata ya Jiji la Dodoma, ni mahali pazuri pa kulitazamia swali hili. Tangu Rais John Magufuli alipotangaza mwezi Julai 2016 kwamba Serikali inahamia Dodoma, watumishi, wanafunzi na wafanyabiashara wameongezeka mjini, na kompyuta zimeongezeka pamoja nao. Chuo Kikuu cha Dodoma kilikuwa kimeshaanza tangu 2007. Steshenari za kuchapa na kudurufu zinahitaji mashine kila siku ya kazi. Nyingi ya mashine hizi ni HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad zilizomaliza muda wake katika ofisi za nje, zikapitia kwa wauzaji wa Dar es Salaam kabla ya kupanda barabara ya kwenda bara. Kwa kawaida dhamana ya kiwanda huwa imeisha kabla mashine haijavuka bahari. Kwa hiyo bodi ikizima baada ya kusasishwa, hakuna wa kuibadilisha bure. Kuna mwenye mashine, kuna fundi wa mtaani, na kuna uamuzi wa kufanya.

Kilichomo ndani ya chipu

Kwenye bodi nyingi za leo fimwea, ambayo wengi wanaendelea kuiita BIOS hata pale ilipogeuka kuwa UEFI, hukaa kwenye chipu ya miguu 8 yenye upana wa milimita 5 hivi. Namba iliyochapwa mgongoni hutaja ukubwa wake kwa megabiti: 25Q64 ni megabaiti 8, 25Q128 ni megabaiti 16. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, prosesa huanzia kwenye maagizo ya chipu hiyo. Ndiyo yanayoiamsha RAM, yanayotambua kioo na kibodi, yanayotafuta diski, kisha yanaiachia Windows au Linux iendelee. Maagizo yasiposomeka, feni inaweza kuzunguka na taa zikawaka, lakini kioo kikabaki cheusi. Mtu asiyejua huona bodi iliyokufa.

Chipu hiyo haina BIOS peke yake. Kwenye mashine za Intel imegawanywa katika maeneo. Kuna ramani ya mgawanyo wenyewe. Kuna eneo la Management Engine, ambayo ni kompyuta ndogo ndani ya kompyuta inayoshiriki kusimamia umeme na usalama. Mara nyingine kuna anwani ya kadi ya mtandao. Kisha kuna BIOS yenyewe pamoja na sehemu ya kuhifadhi mipangilio. Humo pia huandikwa namba ya utambulisho ya mashine na, kwa laptopu nyingi zilizouzwa na Windows 8 au matoleo yaliyofuata, ufunguo wa leseni ya Windows. Faili linalopakuliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji huwa na sehemu ya hayo tu. Mambo yanayoihusu mashine moja peke yake hayapo kwenye tovuti yoyote, yapo kwenye chipu ile.

Namna ya kuandika nayo ina maana yake. Chipu ya aina hii haiandikwi juu ya maandishi ya zamani. Sharti kipande kifutwe kwanza, ndipo kiandikwe upya. Kwa hiyo katika dakika chache za sasisho huwa kuna vipande vilivyokwisha kuandikwa, vingine vya toleo la zamani, na kimoja kilicho kitupu. Umeme ukikatika hapo, chipu hubaki na mchanganyiko ambao prosesa haiwezi kuufuata. Hata hivyo chipu yenyewe ni nzima, na bodi ni nzima.

Kwa nini masasisho yameongezeka

Zamani mtu alisasisha BIOS kwa makusudi, tena kwa woga. Leo sasisho linaweza kuja lenyewe kupitia Windows Update, likajipanga na kujiandika mashine inapowashwa upya. Mwenye mashine huona mstari unaosogea kwenye kioo, akidhani ni Windows ileile ya kila wiki, naye akaizima kwa kubonyeza kitufe kwa sababu ana safari. Baadaye ataapa kwamba hakusasisha chochote, na kwa ufahamu wake atakuwa anasema kweli.

Sababu nyingine ni msukumo wa miaka hii. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, sehemu inayotunza funguo za usalama, pamoja na uwezo wa Secure Boot, kinga inayozuia programu isiyo na saini kuanza kabla ya Windows. Wenye mashine zilizotumika wakaingia kwenye mipangilio ya BIOS kwa mara ya kwanza, na wengine wakalazimika kusasisha ili vipengele hivyo vionekane. Vyeti vya Secure Boot vilivyotolewa 2011 navyo vimepangiwa kuanza kwisha muda mwezi Juni 2026, jambo linaloleta wimbi jingine la masasisho.

Kwenye mashine mpya zaidi sasisho limekuwa tiba ya vifaa. Mwaka 2023 prosesa kadhaa za AMD za jamii ya Ryzen 7000X3D ziliungua, na jibu likawa matoleo ya BIOS yaliyowekea kikomo cha volti 1.3 moja ya njia zake za umeme. Mwaka 2024 Intel ilitoa marekebisho ya volti kwa prosesa za kizazi cha 13 na 14 zilizokuwa zikiyumba; marekebisho hayo huzuia uharibifu, hayaiponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Ushauri wa kale wa kutogusa BIOS hauwezi tena kusimama bila masharti.

Njia tano za kuzimika

Njia ya kwanza ni umeme. Dodoma kama sehemu nyingine za nchi ilionja mgao wa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere haijaanza kuingizwa kwenye gridi. Lakini hata umeme usipokatika mtaani, unaweza kukatika ndani ya nyumba: uniti za LUKU zikiisha, kompyuta ya mezani isiyo na UPS hukatwa papo hapo. Laptopu ina betri, ila laptopu iliyotumika mara nyingi ina betri isiyoshika chaji. Programu za kusasisha hukataa kuendelea bila chaja na betri yenye chaji ya kutosha, na zipo njia za kuzilazimisha zipuuze sharti hilo. Anayezitumia ameondoa kinga pekee iliyokuwepo.

Njia ya pili ni faili lenye kasoro. Linaweza kuwa la modeli inayofanana jina na isiyofanana bodi, na linaweza kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Januari 2018, baada ya udhaifu wa prosesa uitwao Spectre na Meltdown kutangazwa, Intel iliwaambia watu tarehe 22 wasitishe kusambaza masasisho yake ya awali kwa sababu yalikuwa yakisababisha mashine zenye prosesa za Haswell na Broadwell kujizima na kujiwasha. Mwishoni mwa Mei 2024 watumiaji wa HP ProBook 455 G7 waliripoti mashine kushindwa kuwaka baada ya toleo 01.17.00 kujisakinisha lenyewe. Hapo mwenye mashine hakupakua, hakubonyeza, wala umeme haukukatika. Mwezi Desemba 2017 kosa lilitoka upande mwingine kabisa: Ubuntu 17.10 iliondolewa kwa muda kwenye upakuaji kwa sababu kiendeshi kimojawapo kiliharibu BIOS za baadhi ya laptopu za Lenovo, zikashindwa kuhifadhi mipangilio. Wenye kumbukumbu ndefu watakumbuka pia kirusi cha CIH, kilichotungwa na Chen Ing-hau wa Taiwan, ambacho tarehe 26 Aprili 1999, siku ambayo huku tuliadhimisha Muungano, kilifuta BIOS za kompyuta nyingi duniani.

Njia ya tatu si kifo, ni usahaulifu. Hata sasisho likimaliza salama, mipangilio inaweza kurudi ilivyotoka kiwandani. Mashine iliyokuwa ikisoma diski kwa mfumo wa AHCI inaweza kurudishwa kwenye RAID, na Windows ikaanguka kwenye kioo cha bluu. Windows ya kizamani iliyosakinishwa kwa mtindo wa BIOS ya zamani inaweza isionekane kabisa. TPM nayo ikiona fimwea imebadilika, BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, hufunga diski na kudai ufunguo wa tarakimu 48. Mwenye mashine husema imekufa. Kwa kweli inamuuliza swali.

Njia ya nne ni kuachwa nyuma. Baadhi ya bodi za AMD za soketi ya AM4 zilikuwa na chipu ya megabaiti 16, ambayo haikutosha kubeba maagizo ya prosesa zote za soketi hiyo. Mwaka 2020, ili kuingiza prosesa mpya, baadhi ya matoleo ya BIOS yaliondoa zile za zamani. Aliyesasisha huku prosesa ya zamani ikiwa bado kwenye soketi alipata bodi nzima, prosesa nzima na BIOS kamili, ambazo hazifahamiani tena.

Njia ya tano ni sadfa, nayo ndiyo inayosahaulika. Laptopu nyingi hulazwa tu kwa kufunga kioo. Zinaweza kukaa wiki nyingi bila kuzimwa kabisa. Sasisho linailazimisha mashine kuzima na kuanza upya kutoka mwanzo, na hapo RAM iliyolegea, betri ya CMOS iliyokwisha, au lehemu iliyopasuka kwa joto la feni iliyojaa vumbi, hujitokeza. Ugonjwa ulikuwepo, kilichokosekana ni siku ya kupimwa.

Kuanza na kinachorudishika

Kama njia ni tano, utaratibu wa uchunguzi hauwezi kuanzia kwenye njia moja. Kanuni ya kupanga hatua ni hii: kisichobadilisha kitu kitangulie, kinachobadilisha na kurudishika kifuate, kisichorudishika kiwe cha mwisho.

Hatua ya kwanza ni maswali. Sasisho lilikuwa toleo gani, lilitoka wapi, lilifika asilimia ngapi, nani alizima, na baada ya kuzima nini kilijaribiwa? Mficha maradhi, kilio humfichua: mteja anayeona aibu kusema kwamba alichomoa chaja katikati anamwongezea fundi saa za kazi na yeye mwenyewe gharama.

Hatua ya pili ni kusubiri. Bodi mpya za DDR5 hupima upya RAM baada ya sasisho, na kioo kinaweza kubaki cheusi kwa dakika kadhaa. Baadhi ya laptopu hujizima na kujiwasha mara mbili tatu kabla ya kutulia. Anayekata umeme katika dakika ya pili anaweza kutengeneza tatizo ambalo halikuwepo.

Kisha ni kuondoa umeme wote. Chomoa chaja, tenganisha betri, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa nusu dakika ili chaji iliyobaki imwagike. Ondoa betri ya CMOS, ile ya duara ya CR2032, uipime kwa multimita. Mpya huwa na volti 3 au zaidi kidogo. Kuirudisha baada ya dakika chache hufuta mipangilio iliyokwama. Kwa kuwa miezi ya kiangazi katika uwanda wa kati hewa ni kavu mno, umeme tuli wa mwilini si hadithi za vitabuni: shika chuma kilichounganishwa na ardhi, au vaa mkanda wa mkononi, kabla ya kugusa bodi.

Baada ya hapo punguza. Acha kipande kimoja cha RAM, ukihamishe nafasi, ondoa diski na kadi ya mtandao, unganisha kioo cha nje. Mashine ikiwaka hapo, sasisho halina kesi ya kujibu.

Isipowaka, isikilize na uitazame, kwa maana watengenezaji wameiwekea lugha ya taa. Kwenye mashine nyingi za biashara za HP, mimweko miwili mirefu myekundu ikifuatwa na miwili mifupi myeupe inasema kwamba sehemu kuu ya BIOS imeharibika na nakala ya kurudishia haikupatikana. Kwenye Dell nyingi, mimweko miwili ya rangi ya kaharabu na miwili myeupe huelekeza kwenye BIOS; miwili na mitatu husema RAM haikuonekana. Tofauti ya mmweko mmoja ndiyo tofauti ya kununua RAM na kuandika chipu upya, na fundi asiyehesabu taa anabahatisha kwa fedha ya mteja.

Pale taa zinapoishtaki BIOS, jaribu njia za kuirudisha zilizojengwa ndani. Laptopu nyingi za HP huitikia kushikiliwa kwa kitufe cha Windows pamoja na herufi B, wakati kitufe cha kuwasha kinabonyezwa. Dell nyingi huitikia Ctrl na Esc zikishikiliwa huku chaja ikichomekwa. Bodi nyingi za mezani za ASUS na MSI zina kitufe cha nyuma kinachoandika BIOS kutoka kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, hata bila prosesa wala RAM. Kwa MSI nyingi faili lazima libadilishwe jina liwe MSI.ROM. Bodi kadhaa za Gigabyte zina chipu mbili, ya pili ikiwa akiba. Njia hizi hazihitaji kufungua lehemu yoyote, na faili lake hupakuliwa kwa kompyuta nyingine yoyote.

Soma kabla ya kuandika

Njia za ndani zikishindwa, inabaki programa: kifaa kinachoshika chipu kwa klipu ya miguu 8 na kuisoma moja kwa moja kupitia kompyuta nyingine. Kinachojulikana zaidi kwa mafundi ni CH341A, kwa sababu ni rahisi na kinapatikana. Hapa ndipo kazi inaweza kuokoa bodi, na hapa ndipo bodi nyingi zilizokuwa zikiponyeka huharibiwa kwa kweli.

Hatari ya kwanza ni volti. Chipu nyingi hutumia volti 3.3, lakini laptopu nyingi za miaka ya karibuni zina chipu za volti 1.8. Toleo jeusi la CH341A linajulikana kwa kupitisha karibu volti 5 kwenye nyaya za data hata linapotoa 3.3 kwenye mguu wa umeme. Linahitaji kurekebishwa, na chipu ya 1.8 inahitaji adapta yake. Herufi zinazofuata namba ya mgongoni zina maana: W25Q64FV ni ya volti 3.3, W25Q64FW ni ya 1.8. Fundi asiyezisoma anaweza kuichoma chipu iliyokuwa nzima.

Hatari ya pili ni pupa. Kazi ya kwanza ya programa ni kusoma. Chipu isomwe mara mbili au tatu, nakala zilinganishwe baiti kwa baiti; zikitofautiana, klipu haijashika vizuri au bodi inavuta umeme wa programa, na hakuna cha kuandika mpaka zilingane. Nakala iliyolingana ihifadhiwe mahali pawili kabla ya kitu kingine chochote.

Nakala hiyo ina kazi mbili, na ya pili haitajwi sana. Ya kwanza ni akiba. Ya pili ni uchunguzi. Ukiifungua kwa programu ya kuchambua fimwea kama UEFITool na kuilinganisha na faili la mtengenezaji, inaeleza kilichotokea. Eneo kubwa tupu katikati ya BIOS linasema kufuta kulianza na kuandika hakukumalizika. Toleo la modeli nyingine linasema faili halikuwa lake. BIOS kamili isiyo na doa kwa kawaida inasema ugonjwa uko kwingine, na kuandika upya toleo lilelile hakutaponya kitu.

Hatari ya tatu ndiyo iliyozoeleka kuliko zote: kupakua nakala ya mashine nyingine na kuiandika nzima. Mara nyingi mashine huwaka, mteja hulipa, na matatizo huanza baadaye. Namba ya utambulisho ni ya mashine ngeni, leseni ya Windows imetoweka, anwani ya mtandao inaweza kugongana na ya mwingine, na nywila ya BIOS ya mmiliki wa mbali inaweza kuja pamoja nayo. Management Engine iliyoandikwa vibaya nayo hulipiza kwa namna yake: kwenye mashine nyingi za Intel, isipokuta fimwea yake halali, kompyuta hujizima baada ya dakika 30. Fundi asiyelijua hilo atabadilisha feni, chaja na hata kapasita, akitafuta joto ambalo halipo.

Njia sahihi ni kupandikiza. Chukua BIOS safi kutoka faili la mtengenezaji wa modeli ileile, iingize ndani ya nakala asili ya mashine, ukiyaacha maeneo mengine na data za utambulisho yalivyokuwa. Ni kazi ya subira, na ina mpaka wake: tangu Haswell ya 2013 Intel ina Boot Guard, inayoweza kukagua saini ya sehemu ya kwanza ya BIOS kwa ufunguo uliochomwa kwenye vifaa vyenyewe. BIOS iliyochezewa pasipostahili haitakubalika, hata ikiandikwa bila kosa. Laptopu nyingine zina chipu ya pili ya kusimamia kibodi, betri na chaji. Kuiponya moja na kuisahau nyingine ni kuacha kazi nusu.

Bodi iliyokufa kweli

Kuna bodi ambazo zimekufa kweli, na multimita huzitambua haraka kuliko programa. Chaja ikichomekwa, je, volti 19 au 20 zinafika ndani ya bodi? Volti 3.3 na 5 za kusubiri zipo kabla ya kuwasha? Chipu ya BIOS inapata umeme kwenye mguu wake wa 8? Kama hakuna, ni kosa la njia ya umeme: mosfeti, kapasita iliyoungua, au ufa wa lehemu. Maji, chaja bandia, na umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika huacha alama hizo. Sasisho la fimwea haliunguzi kapasita.

Hapo hesabu hubadilika. Kuandika chipu upya ni kazi ya saa moja au mbili na kifaa cha bei nafuu. Kutengeneza njia ya umeme kunahitaji mchoro wa bodi, mashine ya hewa ya moto na mkono uliozoea. Kubadilisha bodi nzima kunahitaji bodi ya mtumba kutoka Dar es Salaam, ambayo inaweza kuja na nywila au historia yake. Kwa laptopu ya bei ya chini chaguo la tatu mara nyingi halilipi. Kwa la kwanza karibu siku zote inafaa kujaribu, na hiyo ndiyo sababu ya kutokubali neno "bodi imekufa" kabla ya vipimo.

Faili za mwenye mashine

Kwa mtumishi au mwanafunzi, bodi si kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote; tasnifu iliyomo kwenye diski ndiyo. Habari njema ni kwamba fimwea na diski ni vitu viwili. SSD ikichomolewa na kuwekwa kwenye kasha la USB, faili husomeka kwa mashine nyingine, ila kama BitLocker imewashwa. Kwenye laptopu nyingi za Windows 10 na 11 usimbaji huo unaweza kuwa umejiwasha mara mtu alipoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo wake hukaa ndani ya akaunti hiyo. Aliyesahau akaunti ana tatizo kubwa kuliko aliyeharibu BIOS.

Kuna upande wa fundi pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu kila anayechakata taarifa za watu, na diski ya mtumishi inaweza kuwa na taarifa za wananchi wengi. Desturi nzuri ni kuichomoa diski mbele ya mteja na kumpa aishike. Kazi ya BIOS haiihitaji.

Kusasisha au kuacha

Wako wanaosema kisichoharibika kisiguswe. Hoja yao ina nguvu Nkuhungu kuliko katika ofisi yenye jenereta na mkataba wa matengenezo: laptopu ya miaka minane yenye betri mbovu, inayochapa barua na kuchezesha muziki, haipati faida inayolingana na hatari. Wako wanaosema kila sasisho ni lazima. Nao wana ushahidi: mwaka 2023 watafiti wa ESET walichambua BlackLotus, programu hasidi iliyoweza kupita Secure Boot, na mwezi Desemba mwaka huohuo Binarly ikaonyesha udhaifu wa LogoFAIL, unaotumia picha ya nembo inayoonekana mashine inapowaka. Mashine inayoshika taarifa za mishahara au za wagonjwa haiwezi kuyapuuza hayo.

Jibu ni la masharti, na masharti si mengi. Sasisha kama kuna sababu inayotajika: udhaifu wa usalama, prosesa mpya, kosa linalokusumbua. Pakua kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa namba kamili ya modeli. Subiri wiki kadhaa baada ya toleo kutoka, ili kasoro ya kiwandani iwe imeshaonekana kwa wengine. Simamisha BitLocker kwa muda na uhifadhi ufunguo wake. Piga picha kurasa za mipangilio. Hakikisha betri au UPS inafanya kazi, na uniti za LUKU zinatosha.

Ofisi zenye nguvu ya kununua kwa wingi, zikiwemo zilizohamia Mji wa Serikali wa Mtumba, zina wajibu wa ziada. Mwezi Mei 2018 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo namba 800-193, unaotaka fimwea iweze kujilinda, kutambua kwamba imeharibika, na kujirudisha yenyewe. Laptopu nyingi za biashara za leo zina uwezo huo kwa viwango tofauti. Kuuandika kwenye masharti ya zabuni hakugharimu chochote, na mashine hizo zitakapouzwa kama mtumba miaka mitano baadaye, uwezo huo utamfuata mnunuzi wa mtaani.

Kwa upande wa mafundi, mageuzi yanayohitajika ni madogo na yanaanzia kwenye risiti. Mteja apewe nakala ya kwanza iliyosomwa kwenye chipu yake, ndani ya flashi yake, kabla hajalipa. Nakala hiyo ndiyo inayolijibu swali la nani ameua bodi. Ikiwa na pengo, uandishi ulikatizwa. Ikiwa na faili geni, aliyepakua alikosea. Ikiwa kamili, na toleo lenyewe halina kasoro wala halijaiacha prosesa nyuma, sasisho halikuhusika. Na fundi asiyeweza kuionyesha, kwa sababu aliandika kabla ya kusoma, hana namna ya kuthibitisha kwamba si yeye.